Ulinzi Hauna Mwisho, Mlinzi Ana Mwisho: Saa za Kazi za Askari Mgambo katika Mizani ya Sheria na Uislamu

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Muumba wa usiku na mchana. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Katika kila halmashauri ya nchi yetu kuna mtumishi ambaye mwananchi hukutana naye kabla ya kukutana na mkurugenzi, diwani au mtendaji. Mtumishi huyo ni askari mgambo. Ndiye anayesimama kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao, ndiye anayezunguka sokoni na stendi, na usiku ndiye anayelinda ofisi, ghala na magari ya umma. Kuanzia vilima vyetu vya Kingerikiti hadi ufukweni Mbamba Bay, na kwa majirani zetu wa Mbinga, hakuna asiyemjua. Watu humlaumu sana mtumishi huyu, na baadhi ya lawama hizo ni za haki. Lakini ni wachache wanaojiuliza swali moja jepesi: huyu anayetusimamisha njiani, yeye amesimama hapo tangu saa ngapi?

Makala hii inahusu swali hilo. Tunakusudia kuonesha kwamba ukomo wa saa za kazi za askari wa halmashauri umekwisha wekwa na sheria ya nchi, kwamba Uislamu uliulinda msingi wake karne nyingi kabla ya sheria hiyo, na kwamba kuuvunja ni kumdhulumu askari mwenyewe na pia kumdhulumu raia anayekutana naye.

NI NANI TUNAYEMZUNGUMZIA

Ni vyema tukatofautisha mambo tangu mwanzo. Askari wa Jeshi la Polisi ana jeshi lake, sheria yake na ngazi zake za amri. Mgambo ni raia aliyepitia mafunzo ya mgambo, kisha halmashauri ya wilaya, mji, manispaa au jiji ikamchukua kusimamia sheria ndogo, kusindikiza wakusanya ushuru na kulinda mali. Katika miji mikubwa ndiye aliyetumwa mara nyingi kuwaondoa wamachinga barabarani, na mwaka 2021, wafanyabiashara hao walipopangwa upya katika miji yetu, nchi nzima ilimwona akiwa kazini.

Wapo mgambo wenye barua za ajira. Wengi wengine hufanya kazi kwa posho ya siku. Huitwa msimu wa kahawa unapoanza, huambiwa wasimame kwenye kizuizi, na msimu ukiisha huambiwa waende nyumbani. Mkataba wao ni wa mdomo, na mara nyingi katika mkataba huo wa mdomo hutajwa kiasi cha posho tu, wala hautajwi muda wa kuingia na kutoka. Hapo ndipo dhulma inapopata mlango. Kazi ambayo malipo yake yamepimwa na muda wake haukupimwa, mwenye nguvu huivuta upande wake.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inahusu wafanyakazi wote wa Tanzania Bara, wakiwemo watumishi wa umma. Imewatoa watumishi wa vyombo vinne tu: Jeshi la Ulinzi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Askari anayeajiriwa na halmashauri hatajwi katika orodha hiyo. Wala hatajwi mlinzi wa kampuni binafsi, wa ghala la ushirika, wa shule au wa msikiti.

Kwa hiyo masharti ya sheria yanamhusu, na masharti yenyewe ni haya:

1. Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki.
2. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki 4, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi.
3. Kazi yote ya siku moja, pamoja na saa za ziada, isivuke saa 12.
4. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya angalau dakika 60.
5. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena zipite angalau saa 12 mfululizo, na kila wiki awe na mapumziko ya saa 24.
6. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Dharura imetengwa. Ukizuka moto sokoni, hakuna anayetazamia askari atazame saa yake na kuondoka. Lakini dharura ni jambo la ghafla. Kizuizi cha ushuru kinachosimama kila msimu, mwaka baada ya mwaka, si dharura. Hiyo ni kazi ya kawaida iliyokosa mpango.

Yupo atakayesema: "Huyu si mwajiriwa, ni kibarua wa posho." Bunge lilikwisha liona tundu hilo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huo huo wa 2004, imeweka vigezo ambavyo kimojawapo kikithibiti, mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kwamba saa zake za kazi zinaamuliwa na mwingine; au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita; au anapewa vifaa vya kazi na huyo anayemfanyia kazi. Mgambo anayepangiwa lindo na kukabidhiwa rungu na tochi ametimiza zaidi ya kigezo kimoja. Kumwita kibarua hakumvui haki zake, kama ambavyo kuiita riba kwa jina la faida hakuifanyi kuwa halali.

HESABU YA SAA

Tuchukue mfano ambao kila msomaji anaweza kuupima kwa macho yake mahali alipo. Mlinzi anaingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, yuko peke yake, hana wa kumpokea hata kwa mapumziko, na anafanya hivyo siku 7 za wiki. Huyo anafanya saa 84 kwa wiki. Katika wiki 4 zinakuwa saa 336. Sheria inaruhusu saa za kawaida 180 na za ziada 50, jumla 230. Tofauti ni saa 106. Ukizigawa saa hizo kwa siku ya kazi ya saa 9, unapata karibu siku 12 za kazi ndani ya wiki 4 ambazo sheria haimruhusu mwajiri kuzichukua hata kwa kuzilipa. Ikiwa hazilipwi kabisa, basi dhulma imekuwa juu ya dhulma.

Na saa hizo hazitoki hewani. Zimetolewa mahali. Zimetolewa katika usingizi wake, katika shamba lake la kahawa na mihogo, katika haki ya mkewe, na katika malezi ya wanawe. Sisi tunaosomesha watoto tunayaona matokeo yake. Mtoto anakuja madrasa bila mtu wa kumsikiliza akirejea alichohifadhi, kwa sababu baba analala mchana mtoto akiwa macho, na analinda usiku mtoto akiwa amelala. Nyumba moja inakuwa na watu wawili wasioonana.

UISLAMU ULITANGULIA

Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza, ulioweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kwa wafanyakazi wa viwandani. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2003, uliweka wastani usiozidi saa 48 kwa wiki pamoja na saa za ziada, na mapumziko ya saa 11 mfululizo kila siku. Haya ni mema, na hekima popote ilipo muumini huiokota. Lakini Muislamu asidhani kwamba fikra ya kumwekea mwajiri mpaka imezaliwa Geneva.

Tuangalie kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul-Qasas, aya ya 27 na 28. Mzee wa Madyan alipotaka kumwajiri alimtajia muda wa miaka minane. Akamweleza kuwa akitimiza kumi hilo litatokana na hiari yake Musa, na akaongeza kuwa yeye hakusudii kumtaabisha. Musa naye akaweka sharti kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asiongezewe juu yake. Ndani ya mapatano haya mafupi mna mambo manne: muda uliopimwa, ziada iliyoachiwa ridhaa ya mfanyakazi, mwajiri anayekiri kwamba taabu ina mpaka, na mfanyakazi anayejiwekea kinga. Mwenye kutaka dalili ya saa za kawaida na saa za ziada aizingatie aya hii.

Katika hadithi ya Abu Dharr (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza kuwabebesha wale walio chini ya mikono yetu kazi inayowashinda, na akaamrisha kwamba tukiwabebesha basi tuwasaidie. Maneno hayo yalisemwa kuhusu watumwa. Ikiwa mtumwa alikuwa na haki hiyo, vipi mtu huru mwenye mkataba?

Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), akiwa katika doria yake ya usiku mjini Madina, alimsikia mwanamke akilalamika kwa upweke kwa kuwa mumewe yuko vitani. Umar akaenda kumuuliza binti yake Hafsa (r.a.) ni muda gani mwanamke anaweza kuvumilia. Baada ya jibu lake, akawaamuru makamanda wasiwaweke askari mbali na nyumba zao kupita muda uliotajwa. Riwaya nyingine zinasema miezi minne, nyingine sita. Tazama, ndugu msomaji: huyu ni kiongozi wa dola iliyokuwa vitani na madola makubwa ya zama zake, na bado aliona kwamba utumishi wa mwenye silaha lazima uwe na ukomo, na ukomo huo akaupima kwa haki ya mke aliyebaki nyumbani.

Na Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika kitabu chake kuhusu hukumu za utawala, ameeleza kazi za muhtasib. Muhtasib ndiye aliyesimamia mizani, vipimo na adabu za sokoni, yaani kazi inayokaribiana sana na ya askari wa manispaa wa leo. Miongoni mwa majukumu aliyoyataja ni kuwazuia mabwana wasiwabebeshe watumwa kazi wasizoziweza, na wenye wanyama vilevile wasiwazidishie wanyama wao. Leo mambo yamepinduka. Yule ambaye nafasi yake ilikuwa ni kumzuia mwajiri asimchoshe mfanyakazi, yeye ndiye anayechoshwa, na hakuna wa kumsemea.

ALIYECHOKA ASISHIKE RUNGU

Hadi hapa tumezungumza juu ya haki ya askari. Sasa tuzungumze juu ya haki ya raia, kwani wapo wasioguswa na taabu ya mgambo.

Katika hadithi ya Abu Bakra (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na ghadhabu. Wanazuoni wa fiqhi hawakuishia kwenye ghadhabu. Walitafuta sababu ya katazo, wakaona kuwa ni kuvurugika kwa fikra, wakaingiza ndani yake njaa kali, kiu, usingizi na kila kinachomwondolea mtu utulivu. Hiki ndicho kiasi, na ni kiasi kilicho wazi.

Basi ikiwa kadhi aliyeketi kwenye mkeka, mwenye elimu na muda wa kutafakari, hatakiwi kuhukumu akiwa anasinzia, itakuwaje kwa kijana aliyesimama saa 16 kwenye kizuizi, ambaye anatakiwa kuamua kwa dakika moja kama gunia la mkulima limelipiwa au halikulipiwa, kama mama muuza samaki amekaidi amri au hakuisikia? Askari naye anahukumu. Tofauti yake na kadhi ni kwamba hukumu yake haina karani, na rufaa yake huja baada ya kipigo.

Hatusemi kwamba uchovu unahalalisha ukatili. Aliyempiga raia bila haki atajibu mbele ya sheria na mbele ya Mola wake. Tunasema kwamba aliyempanga kazini akiwa amechoka naye ana fungu lake katika dhambi hiyo, na fungu hilo halifutiki kwa kumfukuza mgambo na kuleta mwingine atakayechoshwa vivyo hivyo.

MAJIBU KWA HOJA TATU

Hoja ya kwanza: ulinzi hauna saa. Ni kweli, ulinzi hauna mwisho, lakini mlinzi ana mwisho. Jibu la jambo lisilo na mwisho ni zamu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 102, Waislamu wamefundishwa namna ya kuswali wakiwa mbele ya adui: kundi moja liswali, jingine lilinde, kisha wapokezane. Na katika safari ya Dhatur-Riqaa, kama alivyosimulia Jabir (r.a.) katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani atakayewalinda usiku ule. Walijitokeza wawili, mmoja Muhajir na mmoja Ansari, wakakaa kwenye mdomo wa bonde. Mmoja alilala na mwingine akabaki macho, akasimama kuswali mpaka mishale ya adui ikampata, ndipo akamwamsha mwenzake. Usiku wa hatari kuliko huo sisi hatuujui katika soko lolote la Mkoa wa Ruvuma. Na hata usiku huo waliwekwa wawili, na mmoja akapata usingizi.

Hoja ya pili: kulinda kuna thawabu. Naam, jicho lililokesha likilinda katika njia ya Allah limebashiriwa kutoguswa na moto, kwa mujibu wa hadithi aliyoipokea Tirmidhi. Lakini thawabu ni ya anayejitolea nafsi yake. Hatuoni dalili yoyote inayomruhusu mtu kumkesheza mwenziwe kwa nguvu, kisha amlipe kwa kumkumbusha thawabu.

Hoja ya tatu: halmashauri haina fedha za kuajiri wa zamu ya pili. Hii ndiyo hoja nzito, na hatuidharau. Wilaya yetu ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, na halmashauri changa ina mahitaji mengi. Lakini asiye na uwezo wa kulinda mahali pawili kwa haki na alinde pamoja. Kizuizi kisicho na watu wa kutosha kifungwe usiku. Mali isiyo na mlinzi wa pili iwekewe kufuli imara na ukuta. Upungufu wa bajeti ni sababu ya kupunguza kazi. Hauwi sababu ya kuchukua usingizi wa mtu bila thamani.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, madiwani wetu wadai orodha ya zamu. Wanapopitisha bajeti ya ukusanyaji wa ushuru waulize: kizuizi hiki kina askari wangapi, wanaingia na kutoka saa ngapi, na anayepokea yuko wapi? Swali hilo halihitaji wakili.

Pili, askari wenyewe waandike. Kila mmoja awe na daftari la kuingia na kutoka, lenye tarehe na saa. Suratul-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni, na jasho la mtu ni deni. Aliyeajiriwa na halmashauri anaweza kujiunga na chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, TALGWU, na kufuata ngazi za malalamiko za utumishi wa umma. Mlinzi wa sekta binafsi anayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; ajue tu kwamba madai kama haya hupelekwa ndani ya siku 60, na kuchelewa kunaweza kumpotezea haki.

Tatu, ipangwe zamu inayozingatia ibada. Muislamu apate nafasi ya Ijumaa na Mkristo apate ya Jumapili. Katika eneo letu, ambako jirani zetu wengi ni Wakristo, kupokezana kwa namna hii ni jambo rahisi kuliko panapokuwa na watu wa dini moja. Kinachohitajika ni mpangaji anayekumbuka.

Nne, na hili tunalielekeza kwa kamati za misikiti na madrasa. Wapo wazee wanaolinda misikiti kwa sadaka ya mchele na fedha kidogo, usiku wote, wiki zote za mwaka, na huitwa wahudumu ili neno ajira lisitajwe. Mwenye kuhutubia juu ya dhulma ya watawala na aanzie langoni pake. Mzee huyo apewe mwenzake wa kupokezana naye, na apewe usiku mmoja wa wiki alale nyumbani kwake.

Ndugu zetu katika imani, usiku ni neema ambayo Allah amewagawia viumbe wake wote bila kumbagua mwenye cheo wala kibarua. Sisi tunalala kwa sababu kuna mtu yuko macho. Haki yake juu yetu ni kwamba naye, zamu yake ikimalizika, awepo wa kumwambia: nenda kalale, mimi nimefika.

Wabillahi tawfiq.